Mtu Aliyemkanyaga Afande

Haya jameni, sogeeni karibu. Wewe wa Kamwokya weka chini hiyo sahani ya nyama ya muchomo, wewe wa Bugolobi shuka kwenye fleti yako, na nyinyi wanafunzi wa Kyambogo toeni waya masikioni mnisikilize. Mmezoea niwachekeshe kwenye ukurasa huu, na leo pia nitacheka kidogo, maana mdomo wangu usipocheka unapata kutu. Lakini niseme ukweli: naogopa. Wiki hii yote naogopa. Mlango ukigongwa naruka, simu ikilia naruka, na juzi kuku wa jirani alikohoa nyuma ya dirisha nikajikuta niko juu ya kabati, kabati ambalo hata paka wangu huwa analitazama tu na kukata tamaa. Rafiki yangu mpiga gitaa amekufa, na kwenye kumuaga kumetokea jambo ambalo mpaka sasa magoti yangu hayajalisahau.

Habari ilinikuta asubuhi kwa muuza rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, nusu ya chapati iko mkononi, nusu iko mdomoni. Simu ikaita, nikaona ni mke wake. Sasa yule mama hapigi simu. Yeye ni mtu wa ujumbe mfupi, na ujumbe wenyewe ni "sawa", basi. Nikaona jina lake linawaka pale, yai likakataa kushuka. Akaniambia mume wake alikuwa ameketi jana mchana kwenye meza yake ya kazi anachomelea waya, na alipompelekea chai akamkuta ametulia, kidevu kifuani, na kile chuma cha kuchomelea kimeanguka kinatoboa meza polepole, moshi mwembamba unapanda. Daktari kasema ni moyo. Mimi sikushangaa, moyo ule ulikuwa umekimbia mbio za mji mzima. Nikalia pale pale barabarani. Muuza rolex akanipa karatasi nipanguse macho, karatasi ikawa na mafuta na pilipili, nikalia mara mbili zaidi. Halafu mama akasema neno lililokausha machozi yote.

"Shemeji, aliacha maagizo. Kabla hajatoka nyumbani, wewe umkanyage Afande mara moja, watu wote wasikie."

Ninyi hamjui Afande ni nani, kwa hiyo mnaendelea kunywa chai yenu. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi.

Ngoja niwaeleze kwanza rafiki yangu mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Tulizaliwa baraki moja, nyumba zile za mabati za mviringo, baba zetu wote polisi. Baba yake mtu wa kaskazini, mrefu kama mlingoti wa bendera na mkimya kama huo mlingoti. Marehemu mama yake alikuwa Mnubi, mpishi ambaye harufu ya sufuria yake iliwatoa watu lindoni. Na mtoto wao, huyu wetu, aliogopa kila kitu ambacho Mungu ameumba na vingine ambavyo Mungu alikuwa bado anafikiria. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa lifti, aliogopa sindano, aliogopa mtu akimwita jina lake kwa ghafla. Jumba refu la mjini alilipanda kwa miguu kwa sababu ya lifti, akafika juu, akaogopa kushuka kwa sababu ya ngazi. Kama siyo mke wake kumfunga kitambaa machoni, mpaka leo angekuwa huko juu anapokea barua zake. Lakini ukimpa gitaa la umeme, mtu huyo alipiga roki mpaka vioo vya magari vinaomba radhi. Na Kampala hii, mji wa watu wanaotaka kucheza kiuno, kupiga roki peke yake ni ushujaa. Au ndivyo tulivyodhani.

Sasa hizi pedali. Kwa ambaye hajui, pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na spika. Waya unaingia huku, unatoka huku, na mpigaji akikikanyaga kwa mguu sauti ya gitaa inabadilika. Watu wengine wana pedali nyingi mpaka sakafu inafanana na duka la vipuri. Yeye alikuwa na tatu tu, na zote alizipa majina. Ya kwanza iliitwa Bata, ile ambayo unaiinamisha mbele na nyuma kwa kanyagio, gitaa linalia waa-waa kama bata aliyeona kisu. Ya pili iliitwa Jirani, kwa sababu kazi yake ni mwangwi: ukisema neno inalirudia, inalirudia tena, inalipeleka mpaka mwisho wa mtaa. Hizo mbili alizipata kwa mzungu mmoja wa Bugolobi aliyekuwa anahama, akampa yule mzungu ngoma kubwa ya kwetu ambayo najua haikuingia kwenye ndege. Ya tatu aliitengeneza kwa mikono yake. Alichukua transista za redio ya zamani iliyokufa, akaziweka ndani ya mkebe wa rangi ya viatu wa baba yake, ule mkebe mkubwa wa baraki, akatoboa shimo, akaweka swichi. Ukiukanyaga, gitaa linakwaruza na kunguruma kama mtu mkubwa aliyekasirika asubuhi. Ndiyo maana aliuita Afande. Na ulinukia rangi ya viatu mpaka siku ya mwisho.

Watu walimwuliza sana, hasa hawa vijana wa Kyambogo wenye fulana nyeusi, wakitaka kujua alichaguaje. Wao wanakuja na majina ya kampuni, wanakuja na picha kwenye simu. Yeye anawasikiliza, anakuna shingo, anasema, "Usiulize unataka sauti gani. Uliza unaogopa nini." Wanacheka, wanadhani ni falsafa. Mimi nilijua ni habari ya kweli kabisa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kila alipopanda jukwaani, unatetemeka mpaka viatu vinapiga makofi, ndipo akautafutia Bata. Akauweka ule mguu juu ya kanyagio, ukatetemeka vizuri, gitaa likalia vizuri, na watu wakasema banange, angalia ufundi wa mguu ule. Ufundi gani? Ni woga umepewa kazi. Jirani alimchukua kwa sababu aliogopa kuwa peke yake: akipiga noti moja anataka asikie mtu mwingine anamjibu. Na Afande alimtengeneza kwa sababu aliogopa kukosea. Ndani ya mngurumo ule, noti sahihi na noti ya makosa zote zinavaa sare moja, hujui nani ni nani.

Na alikuwa na sheria zake. Bata anakaa mwanzo, Afande katikati, Jirani mwisho. Ukimweka Jirani mbele ya Afande, alisema, basi Afande anafokea mpaka mwangwi, na hapo hakuna wimbo tena, ni ugomvi wa ndoa. Pia Afande hakula betri mpya. Betri mpya inapiga kelele, alisema, betri iliyochoka inaimba. Sasa betri iliyochoka utaipata wapi? Mnajua kila mlango wa Kampala una mlinzi na kile kifimbo cha kunusia chuma. Kifimbo kikianza kulegea, mlinzi anatoa betri anatupa. Huyu bwana alikuwa anapita maduka yote, benki zote, anawasalimia walinzi kwa Kiswahili cha baraki, anawauliza hali ya watoto, halafu anaondoka mfuko umejaa betri zilizochoka. Alikuwa anasema ile betri imekuwa ikitafuta bunduki mwaka mzima, inajua maana ya hofu, ndiyo sababu inaimba hivyo.

Haya, shikeni viti. Nawapeleka Jumamosi moja mchana, zamani kidogo, Kamwokya, kwenye ukumbi wa baa nyuma ya soko. Tulikuwa na onyesho. Mimi kwenye ngoma, yeye kwenye gitaa, na baba yake kwenye kiti cha mbele kabisa. Mzee alikuwa amestaafu karibuni, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Hakuja kustarehe. Alikuwa amechoka na mtoto mkubwa anayekaa nyumbani anachomelea mikebe, na jana yake alikuwa ametoa amri yake mbele ya nyumba nzima: atasikiliza wimbo mmoja. Akiona kuna kitu, basi kijana abaki na kelele yake. Asipoona kitu, Jumatatu wanakwenda pamoja, baba na mwana, kuandikishwa polisi. Rafiki yangu kushika bunduki! Mtu ambaye akifungua soda anageuza uso pembeni. Usiku ule hakulala, na mchana ule alinishika mkono kwenye ngazi ya jukwaa, mkono baridi kama samaki wa dukani, akaniambia kwamba akivalishwa buti atakufa kabla ya kufunga kamba.

Kabla sijaendelea lazima niseme kitu kuhusu hii lugha ninayoongea nanyi. Sisi wa baraki, Kiswahili ni lugha ya uji. Mama alituamsha nacho, alituogesha nacho, alituchapa nacho. Lakini nenda kawaulize wamama wa Kamwokya wenye umri. Kwao Kiswahili kilikuja na buti, kikapiga mlango, kikauliza mwenye nyumba yuko wapi. Mpaka leo mtu wa Kampala anaweza kuwa anacheka na wewe kwa Luganda, ukimgeuzia Kiswahili ghafla kwa sauti nzito anaanza kutafuta kitambulisho. Hofu hiyo hakuisomea, aliipata kwenye maziwa ya mama.

Basi wimbo ukaanza. Bata akalia, mguu ukatetemeka, watu wakapiga vigelegele. Namwangalia mzee, mzee haonyeshi kitu, uso kama mlango wa stoo. Tukafika mahali pa kupanda juu, pale ambapo gitaa linatakiwa kunguruma, rafiki yangu akamkanyaga Afande kwa kisigino. Afande akanguruma kama kawaida. Halafu mngurumo ukafunguka katikati, kama pazia, na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamume. Nzito. Pole pole. Kwa Kiswahili.

"Zungukeni pande zote. Asitoke hata mmoja."

Na Jirani, shetani yule, akarudia: hata mmoja, mmoja, mmoja.

Jameni, mimi nimeona watu wakikimbia. Nimeona watu wakikimbia mvua, nimeona watu wakikimbia nyuki. Sijaona kama siku ile. Mlango ulikuwa mmoja, na sauti ilisema asitoke mtu, kwa hiyo hakuna aliyekwenda mlangoni. Watu walikwenda chini. Ukumbi mzima ulilala kama nyasi zimepigwa na upepo. Mama mmoja mnene aliingia chini ya meza ambayo hata sahani ilikuwa haitoshei. Mwenye baa alijifungia ndani ya friji ya bia. Nikafikiri na mimi nilale, na nikiwa bado nafikiri sauti ikaja tena ndani ya spika.

"Yule mwenye ndevu ndiye kiongozi wao. Huyo mkamateni kwanza."

Ndani ya ukumbi ule mwenye ndevu alikuwa mmoja. Alikuwa anapiga ngoma. Nilichukua lile sahani la shaba la kugonga, nikajifunika nalo kidevu, na nikaanza kusali dini zote mbili za mtaa wetu kwa pamoja, maana sikujua ni ipi iko zamu.

Watu wawili tu hawakulala. Mmoja ni mzee: alisimama wima mbele ya kiti chake, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, hapepesi jicho. Mwingine ni rafiki yangu. Alibaki katikati ya jukwaa, vidole vimebana nyuzi zile zile, mguu juu ya Bata unatetemeka, gitaa linalia waa-waa-waa bila kukoma, sauti ya afande inafoka juu yake, Jirani anarudia vyote viwili. Nawaambia, ulikuwa muziki wa kutisha kuliko wote niliowahi kusikia, na hata pale chini ya sahani, nikiwa nangoja kukamatwa, nilisikia nywele za shingo zinasimama kwa uzuri. Watu sakafuni wakaanza kuinua vichwa. Halafu mlango ukafunguka, akaingiza kichwa askari mmoja kijana, ana kamba mkononi, jasho linamtoka. Akatazama ukumbi mzima uliolala. Akauliza kwa adabu kama kuna mtu ameona beberu.

Kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na kituo kidogo cha polisi. Walikuwa wamekamata mbuzi wanaozurura sokoni, mbuzi wamekata kamba, na mkubwa wa kituo alikuwa kwenye redio anapanga vikosi. Na ule mkebe wa rangi ya viatu ulikuwa hauna kinga yoyote ndani, transista za redio ya zamani zilikumbuka kazi yao ya zamani, zikaidaka sauti. Ndivyo alivyonieleza rafiki yangu baadaye. Mimi najua tu kwamba nilijifunika uso kwa ajili ya mbuzi.

Mzee akatembea mpaka jukwaani, akiruka watu sakafuni mmoja mmoja, polepole, kama anakagua gwaride. Akamtazama mtoto wake. Akatazama ule mkebe chini, mkebe wake aliokuwa ameutafuta nyumba nzima. Tulingoja. Akageuka akawaambia watu, "Wote mlilala. Huyu hakuacha lindo lake." Halafu akamwambia kijana, kwa sauti ya chini ambayo sisi wa jukwaani tu tuliisikia, "Jumatatu usiende. Lindo unalo tayari."

Nilidhani rafiki yangu angeruka kwa furaha. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, ameketi juu ya kreti, uso umekuwa rangi ya ugali wa muhogo, mguu bado unakanyaga Bata ambaye hayupo. Nikamwambia wewe ni simba. Akatikisa kichwa.

"Sikubaki," akaniambia. "Nilikwama. Niliuambia mguu ukimbie, ukakataa. Usimwambie mzee. Akijua, navaa buti."

Nikaapa. Na kiapo hicho kimenikaa kooni miaka yote hii kama mfupa wa samaki. Kwa sababu mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa haongei, alianza kuongea. Kila arusi alisimulia Kamwokya. Kila ubatizo, Kamwokya. Na kila akisimulia, mbuzi walipungua na askari waliongezeka, mpaka mwisho kijana wake alikuwa amesimama mbele ya jeshi zima na vifaru, gitaa mkononi. Na kila akimaliza ananigeukia mimi, shahidi, nami naitikia ndiyo mzee, huku mwenyewe kule pembeni ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Watu wakasema ni mnyenyekevu. Mzee alikuwa anaishi kwa ile Jumamosi kama watu wengine wanavyoishi kwa dawa. Ndiyo maana nilikaa chini kwenye vumbi la muuza rolex. Afande akikanyagwa mbele ya watu, mzee lazima ataniita nisimulie. Niseme uongo mbele ya jeneza? Au niseme ukweli, nimuue na mzee siku hiyo hiyo?

Funzo nawapa sasa hivi, kabla ya mwisho, kwa sababu huo mwisho wenyewe hautanipa nafasi. Siku hizi kijana ana simu, ndani ya simu kuna sauti za pedali zote za dunia, anagusa kwa kidole, anapata mngurumo, anapata mwangwi, anapata bata, hata bata mzinga. Ni vizuri, sisemi ni vibaya. Lakini naona wanapiga safi mno, kama watu waliokunywa maji ya kuchemsha tu tangu kuzaliwa, na nikisikiliza sisikii mtu. Kwa yule mwenzetu ulisikia mtu. Ulimsikia anatetemeka, ukasema ah, kumbe tuko wengi. Katika mji huu kila mmoja anaogopa kitu: anaogopa mwenye nyumba, anaogopa hospitali, anaogopa gari lenye vioo vyeusi, anaogopa kesho. Tunajifanya hatuogopi, tunaweka miziki juu. Yeye hakujifanya. Kila woga aliokuwa nao aliutengenezea kisanduku, akauweka chini ya mguu, akauambia fanya kazi. Wewe unayenisoma, usitupe woga wako, hautupiki. Utafutie kazi.

Basi siku ya kumuaga ikafika. Nyumbani kwake, karibu na Kyambogo, mchana, jua kali, tenti uani, gari la kumpeleka kaskazini liko barabarani. Mchungaji wa upande wa baba alikuwepo, shehe wa upande wa mama alikuwepo, wanafunzi wa fulana nyeusi walikuwepo, wamekaa mstari kama kunguru wenye huzuni. Jeneza katikati. Mzee amesimama kando yake na fimbo, amekonda, lakini suti ile ile bado ingekata mkate. Nikapanga vitu alivyotaka mwenyewe: Bata mwanzo, Afande katikati, Jirani mwisho, waya mpaka kwenye spika, na ndani ya Afande betri iliyochoka niliyopewa na mlinzi wa duka la dawa, ambaye alipojua ni ya nani alivua kofia. Gitaa lake nikalivaa mimi.

Mzee akainua fimbo, watu wakanyamaza. "Mwanangu," akaniambia, "waambie ile siku."

Nikatazama jeneza. Nikatazama mzee. Nikasema, "Hakutoka pale aliposimama." Ni kweli, hakutoka. Mzee akafunga macho, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa maji. Na mimi, kabla hajaniomba niendelee, nikabana nyuzi zile zile nikamkanyaga Afande kwa haraka.

Akanguruma. Jameni, alinguruma vizuri. Harufu ya rangi ya viatu ikapanda, wanafunzi wakainua ngumi, mke wake akafunika uso. Nikasema moyoni asante Mungu, imepita, polisi wa siku hizi labda wana redio zingine. Na mngurumo ukafunguka katikati kama pazia.

"Huyo aliyelala hapo mwamsheni. Mwambieni atoke, gari linangoja."

Linangoja, akasema Jirani. Ngoja. Ngoja.

Sikuweza hata kuhesabu watu wanavyoondoka. Tenti ilibaki na nguzo zake. Wanafunzi waliruka ukuta ambao una vipande vya chupa juu. Mchungaji na shehe walifika kwenye tundu moja la ua kwa wakati mmoja, wakapita pamoja, na ninavyojua mimi hakuna mkutano wa dini uliowahi kuwaleta karibu namna ile. Baadaye tulikuja kujua kwamba barabarani kulikuwa na askari wa trafiki na redio yake, na mtu wa boda amelala usingizi juu ya pikipiki, ameziba njia ya gari la jeneza. Baadaye. Wakati ule hakuna aliyekuwa na baadaye. Mimi nilitaka kukimbia, Mungu ni shahidi, lakini waya ulikuwa umenizunguka miguu na gitaa limenining'inia shingoni, nikabaki pale nalia waa-waa mimi mwenyewe bila pedali.

Na nilipogeuza kichwa, nikamwona. Uani wote alikuwa amebaki mzee peke yake, wima kando ya jeneza, kidevu juu, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mmoja juu ya mbao, hapepesi jicho. Kama Kamwokya kabisa. Machozi yakanitoka. Nikasema mzee, sasa naelewa yule alipata wapi ushujaa, kumbe ni damu, ninyi wawili hamjui kukimbia.

Mzee hakunitazama. Midomo tu ndiyo ilicheza.

"Ushujaa gani, mwanangu? Siku ile miguu ilikataa. Na leo imekataa tena. Hebu nishike mkono, tukimbie."